Jumamosi ya Picha

Noelle Tolliver alikuwa ameandika hoja zake kwenye kadi kumi na mbili, na walipofika kona ya barabara ya Wylie kadi zote zilikuwa zimeanza kulainika kwa jasho la kiganja chake. Mkono wake mwingine ulikuwa chini ya kiwiko cha babu yake. Mzee Lucius alitembea kwa fimbo, mguu wa kulia ukikokota kidogo, kofia kaivuta hadi kwenye nyusi ili wapita njia wasipate nafasi ya kumsalimia.

Alikuwa hajatoka nyumbani tangu Februari. Kiharusi kilimkuta jikoni akikaanga mayai. Mkono na mguu vilikuwa vinarudi taratibu, lakini maneno yalichanganyikana kichwani mwake kama vitu vya droo iliyomwagwa sakafuni. Akili ilikuwa nzima, na alijua vizuri alichotaka kusema. Ila akitaka chumvi, mdomo ulisema dirisha. Akitaka kusema Jumanne, ulisema tisa. Na yeye, mtu aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wembe wowote wa mtaa wa Hill, aliona heri anyamaze kuliko asikike hivyo. Akavuta pazia la sebuleni. Rafiki zake walipogonga mlango, alimfanyia Noelle ishara aseme amelala. Baada ya mara tatu hawakugonga tena.

Kilichomtoa leo ni picha.

Katika saluni ya kinyozi Ezell Pruitt, juu ya kioo kikubwa, palikuwa na msumari mmoja, na msumari huo ulibeba picha moja tu: ya mpigaji mkuu kuliko wote tangu besiboli ianze kuchezwa. Ni nani huyo, hilo liliamuliwa mara moja kwa mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya msimu kufunguliwa. Hawakubishania wapigaji wa kawaida. Walibishania wale wa kuvusha: mtu anaupiga mpira, unapaa juu ya vichwa vya wote, unavuka ukuta wa uwanja na kutoweka, naye anazunguka vituo vinne bila haraka kama mtu anayekagua shamba lake. Kwa miaka kumi na moja mfululizo msumari ule ulikuwa wa Josh Gibson, aliyekulia mji huu huu wa Pittsburgh, na kwa miaka yote hiyo aliyemsemea alikuwa Lucius Tolliver.

Picha isiyo na wa kuisemea ilishushwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Noelle alipomkumbusha babu yake wiki tatu zilizopita, mzee alimnyooshea kidole kifuani.

"Mimi, Babu?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Noelle alikuwa na shahada ya takwimu na kazi maktabani, na chuoni aliwahi kumwachia mwenzake alama nusu ili tu mwenzake asimame mbele ya darasa badala yake. Lakini alikubali. Kila jioni walifanya mazoezi mezani, yeye akisoma kadi, babu akigonga kijiko panapofaa kukazia. Na kila jioni Noelle alizidi kuamini jambo moja: picha ile ikishushwa leo mbele ya macho yake, mzee huyu atarudi nyumbani, atavuta pazia, na hatalifungua tena.

Kengele ya mlango ililia. Watu karibu ishirini waligeuka, na kelele zote zikakatika.

"Lucius," Pruitt akasema kwa sauti ya juu na polepole, kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. "Karibu. Tumefurahi. Sana."

Marquis Lyle, kijana wa kusambaza vifurushi, aliruka kutoka kitini, akakipangusa kwa taulo na kukisogeza. "Kaa hapa, mzee. Polepole. Hivyo hivyo."

"Anakunywa kahawa?" Pruitt akamuuliza Noelle.

Noelle alimwona babu yake akikaza taya. Mzee alikuwa amesimama pale pale, hatua moja kutoka kwa aliyeuliza.

Mtu mmoja tu hakusema lolote. Roscoe Broadnax, dereva wa basi mstaafu, mrefu, suruali imepigwa pasi hadi mstari wake ungeweza kukata mkate, alikaa kiti cha mwisho akitazama magazeti. Kwa miaka kumi na moja alishindwa na Lucius, mara mbili kwa kura moja. Hata leo hakumtazama.

Kati ya kiti cha kwanza na cha pili, kilipigiliwa sakafuni kibao cheupe cha pembe tano, kile ambacho mpigaji husimama kando yake, kilichong'olewa kwenye uwanja mmoja wa zamani kabla haujabomolewa. Msemaji husimama karibu nacho, mguu mmoja juu. Anaweza kusifu, kukejeli, kutukana kwa adabu. Ila nambari haichezewi. Akitaja idadi au tarehe kimakosa, yeyote aliyemo ana haki ya kutamka "kosa," na Pruitt hufungua kitabu chake kinene, kilichotuna kwa vipande vya magazeti alivyobandika mwaka hadi mwaka. Makosa matatu, umetoka, na picha yako pia. Simu zote zilishatumbukizwa kwenye beseni la vitana.

"Mwaka huu upande wa Tolliver una watu wawili," Pruitt akatangaza. "Mjukuu atasema. Lucius akipenda kuongeza neno, ruksa."

"Midomo miwili," Broadnax akasema bila kuinua macho. "Na makosa?"

"Ni yale yale matatu."

"Nilitaka tu kujua."

Wa kwanza kusimama alikuwa Kaz Wojcik, fundi chuma mstaafu kutoka Polish Hill, mzungu pekee aliyekuwemo. Kwa miaka ishirini na saba alipanda kila Aprili na sinia la pirogi, maandazi ya Kipolandi yaliyojazwa viazi, na picha ya Babe Ruth ndani ya foronya, na kwa miaka ishirini na saba aliirudisha picha nyumbani ndani ya foronya ile ile. Pirogi ndizo hazikurudi kamwe.

"Mei ishirini na tano, elfu moja mia tisa thelathini na tano," Kaz akaanza.

"Tunajua, Kaz," mtu akasema huku mdomo umejaa.

"Mnajua lakini hamshiki. Hapa hapa Pittsburgh. Mtu ana tumbo, ana magoti mabovu, msimu haujafika hata katikati naye anaelekea kustaafu. Anavusha mmoja. Anavusha wa pili. Baba yangu yuko pale, ametoroka zamu, anajua kesho atafukuzwa. Wa tatu unapita juu ya paa. Paa, mabwana, si ukuta. Hakuna aliyewahi kulipita paa lile kabla yake. Huo ulikuwa wa mia saba kumi na nne na wa mwisho. Baba alifukuzwa kweli, na hakujuta hadi anaingia kaburini."

"Nambari safi," Pruitt akasema, kitabu kikiwa mapajani.

"Na hakuwahi kurushiwa mpira wa ligi hata mmoja na mtu wa rangi yangu," mtu wa nyuma akasema. "Hilo nalo liandike."

Kaz akafuta jasho. "Kila mwaka mnanipiga kwa fimbo hiyo, na kila mwaka sina ngao."

Marquis alimfuata, akirukaruka kwenye vidole vya miguu. "Wazee wangu, kwa heshima. Mnabishania picha za rangi ya kahawia. Barry Bonds. Mnamjua, alianzia hapa."

Saluni nzima ikazomea. Zomeo hilo lilikuwa la upendo uliochacha, la kumzomea mtu aliyekuacha akaenda San Francisco kufanikiwa.

"Zomeeni. Sabini na tatu kwa msimu mmoja, nani mwingine? Mia saba sitini na mbili kwa jumla, nani mwingine? Warushaji walimwogopa hadi wakampa kituo cha bure kwa makusudi mara mia moja na ishirini kwa mwaka mmoja. Mnajua maana yake? Simba yumo ndani ya zizi, mwachieni mbuzi mmoja ale, mradi tusimkaribie."

"Na ile dawa ya kuongeza nguvu iliyosemwa, ilikuwa ya mbuzi au ya simba?" Broadnax akauliza.

Kicheko kilizima kila alichotaka kuongeza Marquis. Alikaa huku naye akicheka, kofia usoni.

Broadnax aliposimama, hakuharakisha. Alikunjua picha ya Hank Aaron kutoka kwenye kitambaa cha hariri, akaishikilia kifuani.

"Sina paa, sina simba," akasema. "Nina mtu aliyeamka asubuhi. Hakuwahi kufikisha hamsini kwa msimu mmoja, hata mara moja. Lakini miaka ishirini mfululizo hakupungua ishirini. Haba na haba, mabwana. Mia saba hamsini na tano. Na alipokaribia ile nambari ya Ruth, barua zikaanza kuja. Magunia. Tutakuua, tutamteka mwanao. Naye asubuhi akaamka, akavaa, akaenda kupiga. Mnasema kuvusha ni nguvu za mkono. Mimi nimeendesha basi miaka thelathini na mmoja, nimetukanwa kwa kila lugha, na nawaambia kuvusha ni kuamka."

Hapakuwa na aliyetania. Hata Kaz alishusha macho. Noelle alijua hotuba ile ilikuwa nzuri, na baada yake ni yeye.

Alisimama. Akaweka mguu kwenye kibao cheupe. Aliangalia kadi ya kwanza, akasoma kwa sauti iliyomtoka nyembamba kama uzi.

"Josh Gibson alivusha karibu mipira mia nane—"

"Kosa," Marquis akasema, kisha akaonekana kujutia. "Samahani, dada. Lakini ni kosa."

"Imeandikwa kwenye kibao chake cha heshima, kule makumbusho ya besiboli," Noelle akasema.

"Pamoja na mechi za mitaani na za vijijini," Pruitt akajibu, akipekua. "Za ligi, zilizopatikana kwa maandishi, hazifiki mia mbili. Ungesema kibao kinasema, ningekubali. Ulisema alivusha. Kosa la kwanza, binti."

Masikio ya Noelle yakawaka moto. Ndipo alipokumbuka jambo ambalo kadi zote kumi na mbili zilimficha: kwa miaka kumi na moja babu yake hakuwahi kutaja idadi hata moja. Alisimulia tu. Na yeye, kwa kuwa alisomea hesabu, alimjazia mzee wa watu kapu la mayai na kumwambia acheze ngoma nalo.

Akaziweka kadi chini.

"Basi ngoja niulize," akasema. Sauti ilikuwa bado nyembamba lakini haikukatika. "Tunawapimaje watu hawa? Mpira wa Ruth haukuwa mpira wa Bonds. Kuta zilikuwa mbali huku, karibu kule. Wengine walicheza mchana tu, wengine wakiwa wamesafiri usiku kucha kwenye basi, wakalala humo humo kwa sababu hoteli haikuwapokea. Ukiwapanga mstari mmoja kwa idadi, ni kama kupima maji kwa mita na kitambaa kwa lita. Mimi nasema kila mmoja apimwe na watu wa siku zake. Aliwaacha wenzake kwa umbali gani? Hiyo ndiyo nambari moja inayoweza kutembea kutoka mwaka hadi mwaka."

"Hapo umesema," mtu mmoja akanong'ona.

"Ni haki," Pruitt akasema. "Ni haki kabisa."

Kaz Wojcik alikuwa amesimama, uma na pirogi yake hewani. "Binti, rudia hapo. Aliwaacha wenzake kwa umbali gani?"

"Ndiyo."

"Elfu moja mia tisa ishirini na saba," Kaz akasema taratibu, kama mtu aliyeona fedha barabarani na anaogopa kuinama. "Ruth alivusha sitini. Katika ligi yake, ukiondoa timu yake mwenyewe, hakuna timu iliyofikisha sitini. Timu nzima. Watu wote na magongo yao yote."

Pruitt akafungua kitabu. Kurasa zikapiga kelele. "Iliyomfuata ina hamsini na sita," akasema. "Mungu wangu, Kaz. Kwa kipimo hiki hakuna wa kumgusa."

Saluni ikalipuka. Watu walisimama, wakashikana mabega, mmoja aliyenyolewa nusu kichwa aliinuka na shuka lake shingoni kama askofu. Noelle aliona kwamba ametengeneza kipimo cha haki kwa mikono yake mwenyewe na kumkabidhi adui. Alimtazama babu. Lucius alikuwa ameegemea fimbo, macho yamemtoka, yanang'aa. Hakuweza kujua kama ni hasira.

"Lakini wenzake wapi?" Noelle akapaza sauti, na hakujua ilitoka wapi. "Wenzake aliowaacha ni nusu tu ya wenzake. Nusu nyingine walifungiwa mlango wa ligi kwa sababu ya rangi yao. Gibson pia alipigwa chenga na mlango huo huo. Mlango ukafunguliwa, naye ameshakufa miezi mitatu kabla, alikufa Aprili ya elfu moja mia tisa arobaini na saba—"

Alijisikia akikosea neno likiwa bado mdomoni.

"Kosa," watu watatu wakasema kwa pamoja, kwa huzuni.

"Alikufa Januari," Pruitt akasema. "Mlango ndio wa Aprili. Kosa la pili, binti. Pole."

Bado alikuwa na hoja moja, ile kubwa, waliyoiweka mwisho makusudi. Mwaka mmoja nyuma wakuu wa ligi waliingiza rasmi rekodi za ligi za watu weusi katika vitabu vyao, na kulikuwa na hesabu inayopima uzito wa gongo: katika kila mara elfu mtu alizosimama kupiga, alijipatia vituo vingapi. Ruth alikuwa na mia sita tisini. Gibson alikuwa na mia saba kumi na nane, na hapakuwa na jina juu yake. Babu na mjukuu waliirudia nambari hiyo kila jioni, kijiko kikigonga meza.

Noelle akafungua mdomo. Alitazama sakafu, kibao, vumbi la nywele, na sauti haikuja. Mtu akakohoa.

Fimbo ikagonga sakafu, mara moja.

Lucius Tolliver alikuwa anasimama. Marquis alikimbilia kumshika, mzee akamsukuma kwa kiwiko. Alivuta mguu wake hadi kwenye kibao, akasimama bega kwa bega na mjukuu wake, akavua kofia. Nywele za miezi miwili zilisimama kichwani.

"Josh," akasema, na lilitoka sawasawa. "Gongo. Uzito wa... wa kabati. Wa gongo." Akafumba macho. Paji la uso likamlowa. "Ruth, mia sita tisini."

"Safi," Pruitt akasema kwa sauti ndogo.

"Josh. Mia saba." Kidole chake kikapiga hewa kama kijiko. "Mia saba kumi na... na tano."

Kila mtu alisikia. Pruitt aliangalia kitabu kama mtu anayetafuta uchafu kwenye ukucha. Kaz aligeukia dirisha. Marquis aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Walikuwa wamekubaliana bila kusema: ilisikika kumi na nane, imepita, ahsante mzee, ukae sasa.

"Kosa," akasema Roscoe Broadnax.

Alikuwa amesimama kule mwisho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anamtazama Lucius usoni.

"Mia saba kumi na tano ni ya Aaron," akaendelea. "Ndiyo aliyompita nayo Ruth. Hiyo ni nambari yangu, Lucius, na hukuniomba. Kosa la tatu. Umetoka."

"Mzee Broadnax," Marquis akasema, "mwogope Mungu basi."

"Namwogopa. Ndiyo maana sisemi uongo mbele yake."

"Mtu anaumwa."

"Anaumwa, hajafa. Miaka kumi na moja mtu huyu hakuniachia hata nusu nambari. Mwaka mke wangu yuko hospitali kosa langu la tatu lilikuwa la mwezi mmoja tu, akanitoa, na jioni akaniletea supu. Leo mnataka nimshinde kwa kumwonea huruma? Mimi sitaki ushindi wa kuokota."

Noelle alikuwa amekwisha kunja ngumi. Alitaka kusema neno baya, la kwanza katika maisha yake mbele za watu. Mabega ya babu yake yalikuwa yanatikisika. Akamshika mkono, akiamini analia.

Lucius hakuwa akilia.

"Wewe," akasema, fimbo imeelekezwa Broadnax. "Wewe... sufuria."

Broadnax akapepesa macho. "Mimi nani?"

"Sufuria. Sufuria mrefu wewe. Mwizi wa... wa soksi." Maneno yalimwagika ovyo, mengine sahihi, mengine vyombo vya jikoni, na kila lililotoka lilisukuma lingine. "Nilisema nane."

"Ulisema tano."

"Nane."

"Tano," ikajibu saluni nzima, kama kanisani.

"Kitabu," Lucius akanguruma, na neno hilo lilikuwa na kila herufi mahali pake. "Pruitt. Fungua kitabu."

"Kitabu kinasema nane, Lucius. Mdomo wako ndio uliosema tano."

"Basi mdomo... mdomo ni wa Roscoe. Kauazima."

Hapo ndipo kicheko kilipovunjika, kikaanza na Kaz kikaenda hadi kwa yule askofu wa nusu kichwa, na katikati yake alikuwemo Lucius mwenyewe, akicheka kwa upande mmoja wa uso, machozi yanamtoka. Noelle alikuwa hajasikia kicheko hicho tangu majira ya baridi. Kilikuwa kinakwaruza kidogo, kama mlango wa gereji.

"Nimeitwa mengi na mtu huyu," Broadnax akasema, akikaa chini kwa fahari. "Sufuria ni jipya. Ila umetoka."

"Nimetoka," Lucius akakubali. "Lakini mwizi."

Ikabaki kura. Waliotoka hawapigiwi, ila upande wao hubaki na kura moja. Watu wakajipanga nyuma ya wagombea, wakisukumana na kushawishiana, wawili wakihama kwa ahadi ya pirogi. Marquis alipata watatu, mmoja wao binamu yake. Nyuma ya Broadnax, saba. Nyuma ya Kaz Wojcik, ambaye hakuwahi kupata zaidi ya wawili, saba. Kaz alihesabu mara mbili, akapauka.

"Ni kile kipimo cha binti," mmoja wa hao saba alijitetea. "Nimejaribu kukipinga, kimekataa."

"Saba kwa saba," Pruitt akasema. "Tolliver, kura yenu."

Noelle alimgeukia babu yake. Alijua mzee alivyompenda Aaron. Picha ya Aaron ilikuwa chumbani kwake, karibu na ya bibi. Alijua pia kwamba kwa miaka yote hakuna mtu mtaani aliyemkata Ruth vipande kama Lucius Tolliver. Jibu halikuwa na shaka.

Lucius alimtazama Broadnax kwa muda mrefu. Broadnax alimtazama naye, picha ya Aaron kifuani, nyusi moja juu.

Kisha mzee akavuta mguu wake, hatua kwa hatua, fimbo ikigonga, akapita mbele ya Broadnax bila kugeuza shingo, akaenda kusimama nyuma ya Kaz.

"Hapana," Broadnax akasema. "Lucius. Hapana. Hata wewe mwenyewe huamini hilo."

"Siamini," Lucius akasema.

"Kwa ajili ya kunikomoa tu?"

"Ndiyo."

Saluni ilitikisika. Pruitt aliinama juu ya kitabu, mabega yakimruka. Kaz alisimama katikati na foronya yake, mtu aliyejiandaa kwa miaka ishirini na saba kushindwa na hakuwa na hata sentensi moja ya ushindi. Walimpandisha kwenye kiti. Alishusha Gibson kwa mikono miwili kama anayeshusha mtoto aliyelala, akampa Noelle, kisha akamtundika Ruth. Picha ikakaa upande.

"Kushoto," Lucius akaamuru.

Kaz akasogeza kushoto.

"Kulia. Nilisema kulia."

"Alisema kushoto," Broadnax akasema.

"Nyamaza, sufuria."

Walitoka nje kwenye jua la Aprili wakiwa bado wanabishana. Noelle alitaka kuuweka mkono wake chini ya kiwiko cha babu, lakini Broadnax alikuwa ameshachukua upande huo, akitembea kwa hatua fupi zisizo zake ili aende sawa naye, akimweleza kwa kirefu kwa nini mtu anayempigia Ruth kura hapaswi kuruhusiwa kupanda basi.

"Jumanne unakuja kunyolewa?" Broadnax akauliza. "Unatisha watoto."

"Tisa," Lucius akasema, akasimama, akagonga fimbo chini kwa hasira. "Si tisa. Juma... Jumanne."

"Haya, Jumanne. Usichelewe."

Noelle alibaki nyuma kidogo, Gibson kifuani, kioo cha picha kikipasha joto mikono yake. Wazee wale wawili walifika kwenye kona ya kwenda nyumbani. Broadnax alikuwa anaonyesha kwa mikono urefu wa ukuta fulani, Lucius akiushusha kwa fimbo. Waliipita kona bila mmoja wao kuiona, wakaendelea chini kuelekea duka la samaki, na Noelle hakuwakumbusha.